Kabla ya Kuuliza Dawa Kali, Uliza Jicho Linaumwa Wapi

Jioni moja nilikuwa kwenye duka la dawa nikisubiri chenji. Akaingia mama amembeba mtoto wa miaka kama mitatu, kope zake zimegandana kwa matongotongo. Muuzaji akaweka mezani tyubu ndogo ya tetrasaiklini ya asilimia 1. Mama akaitazama, akairudisha. "Hii si ndiyo ile ya zamani, dada? Nipe iliyo kali." Akapewa kichupa cha matone chenye dawa mbili kwa pamoja, antibiotiki na steroidi, akalipa bei iliyoizidi ile ya tyubu, akashika njia.

Nilimfuata mlangoni, nikamsalimia na kumweleza kuwa mimi ni daktari wa macho. Tukarudi ndani pamoja. Mtoto alikuwa akiyafungua macho yake kwenye mwanga bila taabu, kioo cha mbele cha jicho kiling'aa pande zote, na kamasi zilikuwa zikimtoka. Tukabadilisha kichupa kwa ile tyubu. Lakini kabla hajaondoka, mama aliniuliza swali ambalo nimelisikia kliniki kwa miaka mingi: "Basi daktari, kati ya hizi zote, kali ni ipi?"

Safu hii ni jibu langu kwake, kwa kuwa jioni ile sikupata nafasi ya kulitoa lote. Tafiti zilizozipambanisha antibiotiki za macho, dawa kwa dawa, mara nyingi zimekuta tofauti ndogo. Tofauti kubwa, ile inayoamua kama mtu atabaki anaona au la, hutoka kwingine: ugonjwa umekaa sehemu gani ya jicho, dawa imepita njia gani kuufikia, imeanza lini, na kama aliyepewa ameitumia mpaka mwisho. Nitaifuata ile tyubu iliyokataliwa mezani, tuone inafaa wapi na inashindwa wapi.

Baraza, dirisha na chumba cha ndani

Lichukulie jicho kama nyumba yenye baraza, dirisha na chumba cha ndani. Baraza ni utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho na kujikunja hadi nyuma ya kope. Pana mishipa mingi ya damu, kwa hiyo kinga ya mwili hufika haraka, na machozi hupaosha kutwa kucha. Dirisha ni konea, kioo kisicho na mshipa hata mmoja wa damu, maana kingekuwa nayo kisingepitisha mwanga. Uangavu huo una gharama yake. Bakteria akipenya humo, mwili huchelewa kumfikia, na kidonda kikipona huacha kovu, ukungu mweupe unaoweza kukaa mbele ya mboni maisha yote. Chumba cha ndani kimejaa maji na ute, na kuta zake hazipitishi dawa nyingi za matone kwa kiasi cha kutosha kuua bakteria.

Bakteria mmoja, tuseme stafilokoka anayeishi kwenye ngozi zetu, barazani ni kero ya siku chache. Kwenye dirisha ni dharura. Chumbani anaweza kuliua jicho ndani ya siku chache. Hajabadilika yeye, amebadilisha mahali.

Ramani hiyo inasaidia pia kusoma majibu ya maabara. Maabara ikiandika kwamba bakteria ni "sugu" kwa dawa fulani, kwa kawaida inapima kwa kiwango cha dawa kinachofikiwa kwenye damu baada ya kumeza au kuchomwa sindano. Tone linalodondoshwa moja kwa moja juu ya jicho hufikisha kiwango kikubwa zaidi ya hicho pale juu, ndiyo maana wakati mwingine mgonjwa hupata nafuu kwa dawa ambayo karatasi ilisema haitafanya kazi. Kinyume chake pia ni kweli. Dawa iliyoandikwa kwamba "inaua" haina maana yoyote ikiwa bakteria yuko chumbani na dawa imeishia barazani.

Pale ambapo jicho hupona lenyewe

Mtoto yule aliumwa barazani. Huu ndio ugonjwa wa macho unaouza antibiotiki nyingi kuliko mwingine wowote, na ndio ambao antibiotiki zina kazi ndogo zaidi.

Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Oxford, Uingereza, kwa watoto 326 wa umri wa miezi 6 hadi miaka 12 waliopelekwa kwa daktari kwa macho yenye maambukizi. Nusu yao walipewa matone ya kloramfenikoli, nusu wakapewa matone yasiyo na dawa yoyote, na wazazi hawakujua nani kapata nini. Baada ya siku 7, asilimia 86 ya waliopata dawa walikuwa wamepona. Waliopata matone matupu? Asilimia 83.

Tafiti nyingine, zikikusanywa pamoja na za watu wazima, zinaipa antibiotiki faida iliyo wazi zaidi kidogo. Huharakisha kupona, hasa kwa wenye usaha mwingi. Kwa hiyo sisemi dawa haina kazi. Ninasema kwamba ikiwa kati ya dawa na maji matupu pengo ni dogo kiasi hiki, basi pengo kati ya antibiotiki moja na nyingine haliwezi kuwa sababu ya mama kuongeza fedha. Kloramfenikoli, tetrasaiklini, jentamaisini, siprofloksasini: kwa ugonjwa wa barazani, chagua inayopatikana, ya bei nafuu, na inayomfaa anayeiweka.

Hapo ndipo tyubu inaposhinda. Mtoto wa miaka mitatu akidondoshewa tone hulia, na machozi hulifagia tone lote shavuni. Mafuta hukaa nyuma ya kope kwa muda mrefu zaidi. Kwa mtu mzima anayeendesha bodaboda hali inageuka, kwa sababu mafuta hutia ukungu machoni, na matone yanamfaa zaidi. Uchaguzi huu unatokana na maisha ya mgonjwa. Nguvu ya dawa haihusiki.

Kuhusu kloramfenikoli, wengi wamesikia kwamba inaweza kuharibu uboho unaotengeneza damu. Madhara hayo, ambayo ni nadra, yanafahamika kwa dawa ya kumeza. Kwa matone ya macho hatari ni ndogo mno, kiasi kwamba Uingereza, mwaka uleule wa 2005, iliruhusu matone hayo yauzwe na wafamasia bila cheti cha daktari.

Na kuna macho mekundu ambayo antibiotiki haina hata kazi ile ndogo. Mapema mwaka 2024 Dar es Salaam ilijaa watu wenye macho mekundu, na baadaye wimbi likafika pwani ya Kenya. Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kwamba kisababishi ni kirusi. Antibiotiki haimgusi kirusi. Waliomwaga fedha zao kwenye vichupa siku zile walipona kwa siku zilezile walizopona majirani zao waliotumia maji safi na vitambaa vya baridi, na kila kichupa kilichopokezanwa ndani ya familia kilikuwa njia nyingine ya kuambukizana.

Dawa nzuri isiyofika mwisho

Sasa tuipeleke tyubu vijijini, kwenye trakoma, ambayo wengi huiita vikope. Huyu ni bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis. Anashambulia upande wa ndani wa kope za watoto, anarudi tena na tena kwa miaka, anaacha makovu, na makovu yakikaza, ukingo wa kope hupindukia ndani na nywele zake huanza kuikwaruza konea. Upofu unaomfika bibi wa miaka 50 ulianzia kwenye macho yake akiwa mtoto.

Kwa miongo mingi tiba ilikuwa tyubu hii: tetrasaiklini mara mbili kwa siku, kwa wiki sita. Kisha ikaja azithromaisini ya kumeza, dozi moja tu. Mwaka 1993 matokeo ya jaribio lililozipambanisha dawa hizo nchini Gambia yalichapishwa. Miezi sita baada ya tiba, waliopona walikuwa asilimia 78 kwa azithromaisini na asilimia 72 kwa tetrasaiklini. Kitakwimu zilikuwa sawa.

Msomaji makini atauliza kwa nini basi mipango ya kitaifa ya trakoma imeihama tyubu na kukumbatia vidonge. Jibu limo katika namna jaribio lile lilivyoendeshwa. Mafuta hayakuachiwa familia. Yaliwekwa na wahudumu wa utafiti waliofuatilia. Hiyo haifanani na nyumba yenye watoto watano, mama anayeamka alfajiri kufuata maji, na dawa inayochoma na kutia ukungu ikitakiwa iwekwe mara 84 katika kila jicho. Watafiti waliporudi Gambia na kuwaachia wazazi tyubu waziweke wenyewe, kama inavyokuwa katika maisha ya kawaida, azithromaisini ilishinda waziwazi. Tetrasaiklini ilikuwa dawa ileile. Kilichobadilika ni mkono ulioiweka.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka nyumbani. Kahe Mpya ni kitongoji cha wilaya ya Rombo, mkoani Kilimanjaro, ambacho wakati huo kilikuwa na wakazi wapatao 1,000. Watafiti waliwapa dozi moja ya azithromaisini karibu wakazi wote, asilimia 97.6 ya waliostahili, na waliokutwa na dalili za ugonjwa katika ukaguzi wa baadaye wakapewa tyubu ya tetrasaiklini. Kabla ya tiba, asilimia 9.5 ya wakazi walikuwa na maambukizi. Miezi miwili baadaye walikuwa asilimia 2.1, na baada ya miaka miwili asilimia 0.1. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004.

Watu hulisoma jaribio la Kahe Mpya kama ushindi wa azithromaisini. Mimi naona zaidi ile asilimia 97.6. Kitongoji kizima kilimeza siku zilezile, kwa hiyo hakukubaki nyumba ya kumwambukiza upya mtoto aliyepona. Kazi hiyo hufanywa na wahudumu wa afya wa jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba na fimbo ya kupimia urefu, maana kimo cha mtoto huwaonyesha kiasi cha dawa bila mizani. Na bado tyubu haikustaafu. Watoto wachanga walio chini ya miezi sita, ambao hawapewi azithromaisini katika ugawaji huo, hupewa tetrasaiklini.

Oman ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeiondoa trakoma kama tatizo la afya ya jamii, mwaka 2012. Baadaye zikathibitishwa nyingine, zikiwemo Malawi mwaka 2022 na Burundi mwaka 2025. Hakuna kati yao iliyofika pale kwa dawa peke yake. Mkakati una miguu minne: upasuaji wa kope zilizopinduka, antibiotiki, kunawa uso, na kuboresha mazingira kwa maji na vyoo. Antibiotiki huzima moto uliopo, lakini uso wa mtoto usiooshwa hubaki na majimaji yanayoita nzi, na nzi huurudisha moto huo.

Saa ya kwanza ya mtoto mchanga

Kituo cha tatu ni chumba cha kujifungulia. Mtoto akipita kwenye njia ya uzazi yenye kisonono au klamidia, bakteria humwingia machoni. Kisonono ndicho cha kutisha zaidi, kwa sababu bakteria wake huweza kutoboa konea nzima, na ndani ya siku chache mtoto aliyezaliwa anaona huwa kipofu. Katika miaka ya 1880 daktari Mjerumani Carl Credé, huko Leipzig, alianza kuwadondoshea wachanga wote nitrati ya fedha mara tu wanapozaliwa, na maradhi hayo yakashuka katika wodi yake kutoka karibu mtoto mmoja kati ya kumi hadi chini ya mmoja kati ya mia.

Miaka zaidi ya mia moja baadaye, swali la dawa ipi lilijibiwa Kenya, katika hospitali ya Kikuyu. Kwa miezi 30 watoto wachanga 3,117 waligawanywa katika makundi matatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: maambukizi ya macho yalitokea kwa asilimia 13.1 ya waliopata povidoni-iodini ya asilimia 2.5, asilimia 15.2 ya waliopata mafuta ya erithromaisini, na asilimia 17.5 ya waliopata nitrati ya fedha.

Povidoni-iodini si antibiotiki. Ni kiua vijidudu kilekile tunachosafishia ngozi kabla ya upasuaji, kikiwa kimepunguzwa makali ili kisiumize jicho. Ni cha bei ndogo, hugeuza rangi ya jicho kwa dakika chache kiasi kwamba mkunga huona kwa macho yake kwamba dawa imeingia, na kwa namna kinavyoua, bakteria hawajakijengea usugu wa kutia wasiwasi. Hata hivyo kiliishinda antibiotiki yenye jina kubwa. Kila ninapomsikia mtu akipanga dawa kwa ukali wake, nakumbuka kwamba watoto wa Kikuyu walisaidiwa zaidi na iodini.

Shirika la Afya Duniani linakubali dawa kadhaa kwa kinga hii, na tetrasaiklini ya asilimia 1 imo. Nasisitiza neno kinga. Tyubu ikiwekwa mara baada ya kuzaliwa, macho yote mawili, inamlinda mtoto. Lakini mtoto aliyeletwa siku ya tatu kope zimevimba na usaha unaruka kope zikifunguliwa, tyubu haimtoshi hata kidogo. Huyo anahitaji sindano ya seftriaksoni siku hiyohiyo, macho yasafishwe mara kwa mara, na wazazi wote wawili watibiwe. Kwa klamidia anahitaji azithromaisini ya kumeza, kwa sababu bakteria huyo hujificha pia kooni na kwenye mapafu. Kilichobadilika kati ya saa ya kwanza na siku ya tatu ni saa tu, na saa hizo zimeitoa tyubu kwenye orodha ya tiba.

Kidonda kwenye dirisha

Sasa tunafika mahali ambapo kukosea kunagharimu jicho. Mkulima anapalilia, jani la muhindi linamchapa jichoni. Kesho yake jicho linauma, mwanga unamchoma, na kwenye kioo cheusi panaonekana doa jeupe. Hicho ni kidonda cha konea. Hapa tyubu ya tetrasaiklini ni kupoteza muda, na muda ndio asio nao mgonjwa.

Kwa kidonda cha bakteria, mjadala wa wataalamu kwa miaka mingi ulikuwa kati ya njia mbili. Ya kwanza ni matone yaliyoongezwa nguvu. Mfamasia wa hospitali huchukua sefazolini ya sindano na kutengeneza matone ya asilimia 5, na huipandisha jentamaisini au tobramaisini kutoka asilimia 0.3 ya dukani hadi karibu asilimia 1.4. Ya pili ni kichupa kimoja tu cha dawa za kundi la florokwinoloni, kama siprofloksasini, ofloksasini au moksifloksasini, kama kilivyotoka kiwandani.

Mwaka 2014 uchambuzi uliokusanya majaribio 16 yenye wagonjwa zaidi ya 1,800 haukukuta tofauti katika kupona kati ya njia hizo mbili. Florokwinoloni ziliwasha na kuuma kwa kiasi kidogo kuliko matone yaliyoongezwa nguvu, na siprofloksasini iliacha mara nyingi zaidi unga mweupe juu ya kidonda. Kwa hospitali ya wilaya isiyo na chumba cha kutengenezea matone wala jokofu la kuaminika, matokeo haya ni ukombozi. Kichupa cha kawaida cha florokwinoloni kinaweza kuanzishwa siku hiyohiyo.

Lakini "kuanzishwa" kuna maana yake. Tone moja kila saa, mchana na usiku, kwa siku mbili za kwanza. Huo ni usiku mzima wa kuamka. Nimewahi kuona kidonda kimoja kikipona na kingine kikitoboka kwa dawa ileile, na tofauti niliyoiona mimi ilikuwa mke aliyekaa macho na saa ya simu akimdondoshea mumewe kila king'ora kilipolia. Ndugu anayekesha na mgonjwa ni sehemu ya dozi, na sisi madaktari tunatakiwa kumwambia hivyo waziwazi, tumwonyeshe namna ya kudondosha, badala ya kuandika "kila saa" kwenye karatasi na kugeukia mgonjwa mwingine.

Kuna jambo jingine linaloifanya konea ya Afrika Mashariki iwe na kanuni zake. Tafiti za hospitali za Moshi na Mbarara zimeonyesha kwamba vidonda vingi vya konea katika eneo letu husababishwa na kuvu, hasa kwa wakulima. Antibiotiki iwe kali vipi haiui kuvu. Ndiyo maana kwangu kukwangua kidonda na kukiangalia chini ya hadubini ni muhimu kuliko kuchagua kati ya siprofloksasini na moksifloksasini. Na ndiyo maana majani yaliyotwangwa, maziwa ya mama na maji ya chai hayana nafasi kwenye jicho lenye kidonda. Yanaongeza vijidudu, na yanakula siku ambazo mgonjwa hanazo.

Chumba cha ndani

Kwa chumba cha ndani nitasema kwa ufupi, kwa kuwa huko ni kazi ya mtaalamu peke yake. Maambukizi ya ndani ya jicho, ambayo mara chache hufuata upasuaji wa mtoto wa jicho, hutibiwa kwa sindano ya antibiotiki inayochomwa ndani kabisa ya jicho. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kuweka sefuroksimi kidogo ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji kulipunguza hatari hiyo takribani mara tano. Matone ya antibiotiki nyingine yaliyojaribiwa kwenye utafiti uleule hayakuonyesha kinga ya wazi. Njia ya kuifikisha dawa ndiyo iliyoleta kinga.

Kichupa chenye dawa mbili

Narudi kwenye kichupa ambacho mama alikuwa amekinunua. Mchanganyiko wa antibiotiki na steroidi ndio hasa watu wanaouita "dawa kali", na ninaelewa kwa nini. Steroidi hufuta wekundu na maumivu haraka. Jicho linaonekana limepona. Lakini steroidi haiui kijidudu chochote. Inailaza kinga ya mwili iliyokuwa ikipigana. Kama chini ya wekundu ule kulikuwa na kirusi cha herpesi au kuvu, vinapata uwanja mtupu. Ikitumika kwa wiki nyingi inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Hata mikononi mwa mabingwa faida yake si ya uhakika. Jaribio la wagonjwa 500 wa vidonda vya konea vya bakteria, wengi wao wa India, lililochapishwa mwaka 2012, liliongeza steroidi baada ya antibiotiki kutangulia kwa saa 48. Baada ya miezi mitatu, kwa jumla ya wagonjwa, uwezo wa kuona haukuwa bora kuliko wa waliopata antibiotiki peke yake. Ikiwa hivyo ndivyo chini ya usimamizi wa karibu, basi kichupa hicho hakipaswi kuuzwa kama peremende kwa mtoto mwenye mafua.

Na usugu? Katika jaribio hilohilo, wagonjwa waliokuwa wameshatumia florokwinoloni kabla ya kuja walikutwa na bakteria waliohitaji dawa nyingi zaidi kuuawa. Na azithromaisini yenyewe ina hesabu yake. Jaribio lililofanyika Niger, Malawi na wilaya ya Kilosa nchini Tanzania lilionyesha kwamba kuwapa watoto dozi mara mbili kwa mwaka kulipunguza vifo, hasa Niger. Lakini hukohuko Niger, baada ya miaka miwili, bakteria wa nimonia wenye usugu kwa kundi la dawa hiyo walikutwa kwa asilimia 12.3 ya watoto waliochunguzwa katika vijiji vilivyopewa dawa, dhidi ya asilimia 2.9 kwa vingine. Uhai uliookolewa ni wa kweli, na usugu ni wa kweli. Ndiyo maana kila dozi isiyo na sababu inaniuma. Tunaitumia akiba ya mkulima atakayekuja mwakani na doa jeupe kwenye konea, ili tu macho ya mtoto yapone Jumamosi badala ya Jumapili.

Nilichopaswa kumwambia mama

Mama, kabla ya kuuliza dawa ipi, mwangalie mtoto kwa maswali matatu. Je, jicho linamuuma kweli, kuliko kumwasha tu? Je, anaukimbia mwanga? Je, haoni vizuri hata baada ya kufutwa matongotongo, au kuna doa jeupe kwenye kioo? Likiwepo hata moja, au mtoto akiwa hajatimiza mwezi mmoja, au jicho limechomwa na jani au kijiti, usisimame dukani. Nenda hospitali yenye huduma ya macho leo.

Yasipokuwepo, mfute kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, pamba tofauti kwa kila jicho, na umpe siku mbili tatu. Usaha ukizidi, ile tyubu ya zamani inatosha. Nawa mikono, vuta kope la chini, weka mstari mdogo kama punje ya mchele, ncha isiguse jicho. Endelea kwa siku zote ulizoambiwa, hata macho yakiwa yamekauka. Ikifika wiki nne tangu ulipoifungua, itupe, na usimpe jirani. Na kama hakuna nafuu baada ya siku tatu, usirudi kuomba iliyo kali zaidi. Rudi kuonwa.

Kwa wauzaji wa maduka ya dawa, ambao ndio madaktari wa kwanza wa macho ya Watanzania na Wakenya wengi, ombi langu ni moja: mshike mteja dakika moja kwa maswali hayohayo matatu kabla ya kugeukia rafu. Na kwa sisi tunaoandika vyeti, tuandike pia saa, njia na siku, na tuhakikishe mgonjwa ameelewa nani atamdondoshea.

Tyubu ile ya asilimia 1 ilimtosha mtoto wa dukani. Inamlinda mchanga katika saa yake ya kwanza. Ikiwa mikononi mwa mhudumu wa utafiti iliikaribia azithromaisini, na ikiachwa nyumbani bila msaada ikashindwa. Juu ya konea yenye kidonda inampotezea mtu jicho. Dawa ndani yake haikubadilika hata mara moja, na hilo, mama, ndilo jibu la swali lako.